Shajara ya mradi: pumzi ya mhusika, kutoka joto la msituni hadi baridi ya Kibo

4 Mei

Njaa na kiu zimeshakaa sawa, sasa ni zamu ya halijoto. Kwa anayefungua shajara hii leo kwa mara ya kwanza: gemu yetu haina jina bado, kwenye folda inaitwa "mlima" tu. Mchezaji ni mpagazi anayepanda Kilimanjaro peke yake kwa njia ya Marangu, kumtafuta mwenzake ambaye hakushuka na kundi. Anaanzia getini, anapita kambi za Mandara, Horombo na Kibo, kisha usiku anakwea hadi Gilman kwenye ukingo wa kreta na, ikibidi, kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Hakuna zombi, hakuna bunduki. Kinachomwangusha mchezaji ni hali ya hewa na maamuzi yake mwenyewe: lini akimbie, lini atembee, lini akae chini. Yote hayo anayalipia kwa kimstari kimoja cha kijani chini ya skrini, yaani stamina, ambayo humu ndani tunaiita pumzi.

Swali la wiki hii ni hili: halijoto iguse pumzi kwa namna gani? Nimecheza upya gemu kadhaa za kunusurika nikiwa na daftari pembeni. Skyrim, katika Survival Mode iliyotoka 2017, baridi inakula kiwango cha juu cha afya, na stamina imeachiwa njaa. ARK inapeleka joto kwenye kiu na baridi kwenye njaa. Breath of the Wild inakumega mioyo, yaani alama za uhai, ukiingia kwenye theluji na nguo nyepesi, lakini duara la stamina baridi hailigusi. Red Dead Redemption 2 inamaliza upesi akiba ya afya na ya stamina ukivaa visivyo, iwe kwenye joto au kwenye baridi. Iliyo karibu zaidi na ninachokitaka ni Valheim: ukilowa au ukishikwa na baridi, stamina inachelewa kurudi, na baridi ikizidi inachelewa mno.

Gemu nzuri zote hizo, lakini nyingi zinayachukulia joto na baridi kama adhabu moja yenye rangi mbili, nyekundu huku na bluu kule. Mimi hapo sikubaliani. Anayelima saa saba mchana na anayesubiri basi kwenye baridi ya Makambako alfajiri ya Julai wote wawili wako hoi, ila hawakuchoka uchovu mmoja. Nataka mchezaji ausikie huo utofauti vidoleni, bila kusoma maandishi yoyote kwenye skrini.

7 Mei

Leo sikugusa msimbo, nimesoma fiziolojia. Mchezaji anaweza asijue sababu, lakini namba za kubuni huzinusa.

Tafiti mbili zimenipa mfupa wa mfumo mzima. Ya kwanza ni ya Galloway na Maughan, 1997. Waliwaendeshesha wanaume baiskeli ya maabara kwa nguvu ile ile hadi waishiwe kabisa, wakabadilisha halijoto ya chumba: nyuzi 4, 11, 21 na 31 za Selsiasi. Walidumu zaidi kwenye 11, takribani dakika 93. Kwenye 4 na kwenye 21 walikaribia kulingana, kama dakika 81. Kwenye 31 walikuwa wamekwisha dakika ya 52.

Tazama huo mkunjo. Kilele chake kiko kwenye halijoto ambayo mtu aliyekaa angeomba sweta. Na hauko sawa pande zote: kushuka kutoka 11 hadi 4 kulipunguza dakika 12 hivi, kupanda kutoka 21 hadi 31 kukapunguza karibu 30. Maana yake kwenye gemu ni kwamba hakuna namba moja ya "hali nzuri". Hali nzuri ya anayekwea na hali nzuri ya aliyejikunyata nyuma ya jiwe ni vitu viwili, na gemu inayochora eneo la kijani katikati ya kipimajoto inamdanganya mchezaji.

Ya pili ni ya González-Alonso na wenzake, 1999. Waendesha baiskeli waliozoea mazoezi waliendesha kwenye joto la nyuzi 40, mara wakianza mwili ukiwa umepozwa, mara ukiwa wa kawaida, mara ukiwa umepashwa. Walidumu dakika 63, 46 na 28. Lakini kila walipokoma, joto la ndani ya mwili lilikuwa pale pale, 40 na kidogo. Kwa hiyo pumzi kwenye joto ina ukuta, na swali ni umeanza ukiwa umbali gani kutoka kwenye ukuta huo. Hiyo kwa mbunifu wa gemu ni zawadi. Kupumzika kivulini kabla ya kuanza kukwea kunakuwa na thamani inayohesabika.

10 Mei

Mfumo umeandikwa. Chini kabisa kuna namba moja tu, joto la mwili, inayoanzia 37. Kila sekunde gemu inauliza: mwili umezalisha joto kiasi gani, na umepoteza kiasi gani?

Mpagazi wetu ana kilo 70 na amebeba 20, ndicho kikomo cha mzigo kinachotumika mlimani. Akikwea kwa bidii mwili wake unatumia, tuseme, wati 500. Misuli ya binadamu hugeuza robo au pungufu ya hapo kuwa kazi, kwa hiyo nimeipa miguu wati 100, na 400 zilizobaki ni joto tupu. Kuupandisha mwili wa kilo 70 kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 245 hivi. Piga hesabu: joto hilo likikosa pa kutokea, mhusika anapanda nyuzi 1 kila dakika 10, na baada ya nusu saa yuko kwenye 40, ameshagonga ukuta.

Kinachomwokoa ni jasho. Lita 1 ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na kilojuli kama 2,400. Wati 400 kwa saa nzima ni kilojuli 1,440, yaani lita 0.6 za jasho kila saa. Lita hizo zinakatwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kiu, bila mimi kuandika sheria yoyote ya "joto huongeza kiu". Imejitokeza yenyewe kutoka kwenye hesabu, na napenda mfumo unaojitokeza hivyo kuliko ule wa kubandika.

Upande wa baridi, mtu aliyetulia anazalisha wati 100 hivi. Upepo ukimpokonya 300, anadaiwa 200, na joto lake linashuka nyuzi 1 kila dakika 20. Hapo kutetemeka kunaanza. Kunaweza kuzidisha joto la mwili uliotulia mara 4 hata 5, ila kunatafuna akiba ya chakula. Chini ya 35 ndipo madaktari wanapoanza kuita haipothemia, na likishuka zaidi, kuelekea 30, kutetemeka hukoma na mtu hana tena cha kujitetea nacho. Gemu yetu inakatisha mchezo mapema, kwenye 32, kwa sababu kuanzia hapo hakuna uamuzi wa maana ambao mchezaji angeweza kufanya.

Sasa pumzi yenyewe. Joto nimelipa kazi ya kushusha dari. Kuanzia 38 kimstari cha pumzi kinaanza kufupika kutoka kulia, na kwenye 39.5 kimebaki theluthi. Kilichobaki kinajaa kwa kasi ile ile ya kawaida, kwa hiyo mchezaji anaweza kukimbia vipande vifupi vifupi, na kila kipande kinazidi kumfupishia kimstari. Baridi haigusi dari hata kidogo. Inagusa kasi ya kurudi: chini ya 36.5 pumzi inaanza kurudi kwa kusuasua, kwenye 35 ni nusu ya kasi, kwenye 33 ni sehemu moja ya tano. Tena hatua za kwanza baada ya kukaa ni nzito, kwa sababu msuli uliopoa unapoteza nguvu asilimia kadhaa kwa kila nyuzi.

Ukiangalia skrini, tofauti inaonekana mara moja. Kwenye joto kimstari ni kifupi na chepesi. Kwenye baridi ni kirefu na mvivu.

12 Mei

Sauti tu leo. Pumzi ya msituni imerekodiwa bafuni.

16 Mei

Msitu, kati ya geti na Mandara. Ndiyo hatua ya kwanza ya gemu, na wengi wa waliojaribu walidhani hatari itaanzia juu kwenye theluji. Hapa hewa ina unyevu mwingi, jasho linatoka ila halikauki. Kwenye hesabu nimezidisha jasho kwa sehemu inayokauka: kwenye hewa kavu karibu yote, kwenye ukungu wa msituni chini ya nusu. Lisilokauka linadondoka, maji yamepotea na joto limebaki.

Mjaribu wa kwanza alishika kitufe cha kukimbia tangu getini. Kwa kipimo cha saa ya gemu alienda kama dakika 15 hivi. Mwenzangu anayechora ameweka doa la jasho kwenye fulana ya mhusika, linaanzia kati ya mabega chini ya kamba za mzigo na kushuka taratibu hadi kiunoni. Hatukuweka kipimajoto popote. Kijana hakuliona doa, macho yake yalikuwa kwenye njia. Alichoona ni kimstari kimefupika, akasimama akisubiri kijae, kikajaa hadi pale pale kilipofupikia. Akabonyeza tena, kikaisha baada ya hatua chache. "Mbona hainirudishii?" akauliza. Sikumjibu. Akajaribu kuvua koti, kisha akatua mzigo, kisha akauona mto mdogo pembeni na kulowesha kichwa. Kimstari kikarefuka kidogo kidogo mbele ya macho yake.

Hilo la kulowesha kichwa halikuwa kwenye maelekezo, ila hesabu inalikubali, kwa hiyo linabaki. Mwili kuzoea joto, jambo ambalo huchukua wiki moja hadi mbili, tumeliacha nje. Safari nzima ya mhusika ni siku chache tu.

20 Mei

Leo amekuja kujaribu mtu mzima mmoja aliyewahi kufanya kazi ya upagazi kwa miaka. Gemu hachezi, simu yake ni ya kupigia na kutuma pesa, kwa hiyo nilimshikia mimi vitufe na yeye akawa anaamuru. Tulianzia Mandara kuelekea Horombo, msitu umeisha, umebaki uwanda wa vichaka na upepo. Nikamkimbiza mhusika ili tufike upesi sehemu ninayotaka kumwonyesha.

"Mdogo wangu, huyu unampeleka wapi mbio hivyo?"

"Tuwahi Horombo, kaka, jua lisizame."

"Atawahi, ndiyo. Atafika amelowa chapachapa, jua likizama atatetemeka hadi asubuhi. Ile pole pole tunayowaambia wageni, wao wanadhani ni kwa ajili ya kichwa kuuma peke yake. Ni kwa ajili ya shati pia."

Nguo zilikuwa kwenye mfumo tayari, kila moja na uwezo wake wa kuzuia joto kwa kipimo cha klo, ambapo klo 1 inatosha mtu aliyekaa chumbani kwenye nyuzi 21 asihisi baridi. Baada ya maneno ya kaka huyu nimeongeza unyevu wa nguo kama hifadhi ya pekee. Jasho lisilokauka linaingia kwenye nguo ya ndani kwanza, kisha ya juu yake. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo shati la pamba lililoloa linabaki na robo tu ya klo yake kwenye gemu, na la sufu nimeliachia zaidi ya nusu.

Matokeo yake nimeyapenda kuliko kitu chochote kwenye mradi huu hadi sasa. Joto na baridi zimeunganika. Mchezaji anayekimbia saa kumi jioni ananunua baridi ya saa mbili usiku, na inayoilipia ni pumzi: alitumia kimstari chote kuwahi, sasa kinarudi kwa kusuasua wakati anatakiwa kuchota maji na kuwasha jiko. Anayebadili shati mara tu anapofika anaiepuka. Kubadili shati kunachukua sekunde chache za kukaa kifua wazi kwenye upepo, na wachezaji wawili niliowaonyesha jioni walisita kabisa, kidole juu ya kitufe, kama vile wao ndio wanaovua.

25 Mei

Usiku wa kilele, kutoka Kibo kwenda juu. Hapa ndipo nilipokuwa naogopa tangu mwanzo, kwa sababu Kilimanjaro ina mambo mawili yanayoshusha pumzi kwa pamoja na mchezaji hawezi kuyatenganisha: baridi, na hewa nyepesi.

Halijoto yenyewe ni hesabu ya darasani. Hewa hupoa kwa wastani nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Moshi mjini iko kwenye mita 900 hivi. Mchana wa nyuzi 30 pale unakupa, mita karibu 5,000 juu yake, nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Huo ni mchana. Usiku kileleni huweza kushuka chini ya hasi 10, na upepo unamalizia. Kwa fomula ya kipupwe, yaani baridi inavyohisika upepo ukivuma, iliyoanza kutumika Kanada na Marekani mwaka 2001, nyuzi hasi 10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa ni kama nyuzi hasi 20 kwenye ngozi iliyo wazi. Fomula hiyo nimeitumia kwenye vidole na uso peke yake, maana ndivyo vilivyo wazi. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 ustadi wa mikono unaporomoka, kwa hiyo kufunga zipu kunakochukua sekunde 1 pale Mandara, hapa kunachukua 5. Mchezaji amevua glavu ili afunge zipu, na kadiri anavyochelewa ndivyo anavyozidi kuchelewa.

Hewa nayo: kwenye Uhuru shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la Tanga au Mtwara. Wazo rahisi lilikuwa kushusha dari ya pumzi kama tulivyofanya kwenye joto. Nimelikataa. Wajaribu wangeona kimstari kifupi na kudhani mhusika amepata joto, na wangevua koti. Badala yake mwinuko unapunguza wati ambazo mwili unaweza kutoa. Zile 500 za msituni, juu ya Gilman ni 250.

Kubadili kitu hicho kimoja kumetatua tatizo jingine lililonisumbua wiki nzima. Wachezaji waligundua kwamba baridi inatibika kwa kuruka ruka pale pale. Unaruka, unazalisha joto, unasimama, unajaza pumzi, unaruka tena. Kisheria hawakukosea, ndivyo mwili ulivyo, kujongea ni dawa ya baridi. Lakini juu kule mhusika mwenye wati 250 anapata joto la wati 200 tu hata akijikaza kwa nguvu zake zote, na upepo unadai 300. Hawezi kujipasha kwa miguu. Anatembea na bado anapoa, taratibu kuliko angekaa, ila anapoa. Kilichobaki ni nguo kavu, chai ya moto kwenye chupa, na kutokukaa muda mrefu. Nikamsimulia yule kaka kwa simu, akacheka: "Sasa umefika mlimani."

29 Mei

Marekebisho madogo. Rangi ya pumzi haibadiliki tena kuwa bluu kwenye baridi, kimstari ni kijani kila mahali, tofauti iwe kwenye mwendo wake. Kwenye mipangilio kuna chaguo la kupunguza ukali wa halijoto kwa nusu, kwa anayetaka hadithi tu. Simu ya bei ndogo tuliyojaribia ilikuwa inakwama kwenye ukungu wa msituni, hesabu ya joto sasa inafanywa mara 2 kwa sekunde badala ya kila fremu, yaani kila picha ya skrini, na hakuna aliyeona tofauti.

Chai: kikombe kimoja cha moto kinaongeza joto kidogo mno mwilini ukipiga hesabu kwa haki, maji robo lita ya nyuzi 60 yana kama kilojuli 24 juu ya joto la mwili, sehemu moja ya kumi ya nyuzi 1. Wajaribu wote walitegemea chai iokoe maisha. Nimeacha namba ya kweli kwenye mwili, lakini kushika kikombe kunapasha vidole, na hapo faida yake inaonekana, kwa sababu zipu inafungika.

3 Juni

Watu wa kwanza wamefika Gilman wakiwa hai na kumpata mwenzao. Sasa limejitokeza jambo la kushuka. Wanaondoka kileleni alfajiri wamevaa kila kitu walicho nacho, sweta mbili, koti zito, kofia ya kuziba masikio. Hewa inanenepa, wati zinarudi, jua limetoka, na njia ni mteremko unaoshawishi kukimbia. Katika majaribio ya leo wawili wamezimia kwa joto kati ya Kibo na Horombo, kwenye jangwa la changarawe, theluji ikiwa bado inaonekana nyuma yao. Mmoja alikasirika akaandika kwenye fomu kwamba ni hitilafu ya gemu.

Hesabu nimeipitia mstari kwa mstari na iko sawa: klo 3 na nusu, wati 400, upepo umekufa. Nitakachoongeza ni mhusika kujivuta kola ya koti anapovuka 38, pamoja na doa la jasho kuonekana hata juu ya koti. Toleo la majaribio linalofuata linaanzia Gilman kwenda chini, na nguo zote ziko mwilini.